Vichocheo na Usafishaji wa Maji: Habari Zake Tangu Asili

Wasomaji wetu, katika shule zetu twawafundisha watoto njia tatu za kusafisha maji ya kunywa: kuyaacha yatuame, kuyachuja, na kuyachemsha. Na wako akina bibi waliojua kutia unga wa mbegu za mlonge katika mtungi wa maji ya mto, tope likashuka chini, maji yakawa maangavu. Njia hizi ni njema, wala hatuziachi. Kutuamisha na kuchuja huondoa tope. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu. Walakini iko aina ya uchafu isiyosikia njia hizo. Dawa ya kuulia wadudu wa shambani, au rangi ya kiwanda cha nguo, ikiisha kuyeyuka ndani ya maji, mara nyingi haionekani kwa macho, haishikwi na kitambaa, wala haifi kwa moto, kwa maana haina uhai hata ife. Mwenye kuchemsha maji ya namna hiyo huenda akapunguza maji tu, na sumu iliyobaki sufuriani ikawa nzito kuliko kwanza.

Hata makaa, ambayo hunasa sumu nyingi, hayaimalizi kazi. Makaa huishika sumu kama ndoano ishikavyo samaki, lakini samaki yule yu hai bado. Makaa yakijaa, sumu ingalipo, nayo yataka mahali pa kutupwa. Na mahali hapo pasipochaguliwa vema, mvua itairudisha mtoni. Hivyo uchafu umehamishwa, haukuondolewa.

Basi swali ni hili: je, sumu yaweza kufunguliwa ndani ya maji yenyewe, hata isiwe sumu tena? Jibu ni kwamba aina nyingi zaweza, kwa msaada wa vitu viitwavyo vichocheo. Elimu hii ina historia ya miaka zaidi ya 200, nasi twataka kuifuata hatua kwa hatua. Wasomaji wataona mambo mawili: kwamba maarifa yaweza kukaa mbele ya macho ya watu miaka mingi pasipo mtu kuyatumia, na kwamba kichocheo kile kile kiwezacho kuokoa maji chaweza kuyaharibu, kama watu hawakulinda njia yake ya kuingia na ya kutoka.

Kwanza tueleze maana ya neno. Twajua sote kazi ya mshenga. Mshenga hupeleka posa, hukaa na wazee wa upande huu, hukaa na wazee wa upande ule, na neno lililokuwa gumu hulilainisha. Ndoa ikiisha kufungwa, yeye hurudi kwake kama alivyotoka. Hakuoa wala hakuolewa, na kesho aweza kutumwa na watu wengine. Kichocheo ndivyo kilivyo. Ni kitu kiingiacho kati ya vitu viwili visivyoelekea kutendana, au vitendanavyo polepole mno, kikaifanya kazi yao kuwa nyepesi na ya haraka. Nacho mwishoni hutoka kama kilivyoingia, tayari kwa kazi nyingine. Ndiyo sababu kidogo chake chaweza kutosha kwa vitu vingi.

Mtu wa kwanza tumjuaye kuandika wazo la namna hii alikuwa mwanamke wa Uingereza, Elizabeth Fulhame. Mwaka 1794 alitoa mjini London kitabu juu ya habari za kuungua kwa vitu, akaonyesha kwamba maji huingia katika kazi nyingi za namna hiyo na mwishoni huonekana tena vile vile. Miaka ishirini na minne baadaye, yaani mwaka 1818, Mfaransa Louis Jacques Thénard alivumbua peroksidi ya hidrojeni, ambayo wengi wetu twaijua kuwa ni ile dawa ya kuoshea vidonda itokayo povu. Thénard aliona kwamba madini kama fedha na platini yakiguswa na dawa hiyo huifanya ivunjike upesi na kutoa oksijeni, hali madini yenyewe hayabadiliki. Hata lile povu la kidondani ni kazi ya kichocheo, kwa maana katika damu yetu kimo kitu cha asili kivunjacho peroksidi. Mwaka 1823 Johann Döbereiner, mwalimu wa chuo cha Jena katika Ujerumani, alielekeza hewa ya hidrojeni juu ya platini iliyo kama sifongo, nayo ikawaka moto pasipo kiberiti. Akafanya taa kwa njia hiyo.

Ndipo mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius wa Sweden alipoyakusanya mambo haya yaliyotawanyika akaona kwamba yote ni jamaa moja. Akayapa jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Baadaye Wilhelm Ostwald, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1909, akafafanua kwamba kichocheo hubadili mwendo wa kazi tu. Hakiwezi kuanzisha lisilowezekana kabisa. Neno hili yafaa tulishike sana, kwa kuwa tutalihitaji mbele. Na Eduard Buchner, mwaka 1897, alisaga chachu hata seli zake zikavunjika, akaona kwamba maji yake pekee yaweza kuchachusha sukari. Hapo watu wakatambua kwamba ndani ya viumbe vimo vichocheo vilivyofanya kazi tangu zamani, kabla ya mwanadamu kuvipa jina.

Sasa twafika kwenye maji. Mwaka 1876 kijana mmoja jina lake Henry John Horstman Fenton alikuwa akisoma Cambridge, katika Uingereza. Husimuliwa kwamba mwanafunzi mwenziwe alichanganya dawa ovyo katika chumba cha majaribio, ikatokea rangi ya zambarau asiyoweza kuieleza. Mwingine angalicheka akamwaga. Fenton akakaa akatafuta moja moja mpaka akajua yaliyomo: asidi ya tartariki, ambayo ndiyo iupayo ukwaju ukali wake, pamoja na peroksidi ya hidrojeni na chumvi kidogo ya chuma, kisha alkali. Akapeleka habari fupi katika gazeti la wana-kemia mwaka huo huo, na mwaka 1894 akatoa maelezo kamili. Aliona kwamba chuma kidogo sana chatosha kuiendesha kazi yote. Peroksidi peke yake ilikuwa haiigusi asidi ile ila polepole. Ikiwapo pamoja na chuma, asidi iligeuzwa upesi.

Kwa nini chuma kiwe na nguvu hiyo? Jibu lilikawia miaka 40. Mwaka 1934 yalichapishwa maandishi ya Fritz Haber na msaidizi wake Joseph Weiss. Haber huyu ni mtu ambaye historia yamtaja kwa mema na mabaya: ndiye aliyeonyesha njia ya kufanya amonia ya mbolea kutoka hewani kwa msaada wa kichocheo, na ndiye aliyesimamia hewa ya sumu ya klorini iliyofunguliwa vitani mwaka 1915. Alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi, naye aliiacha Ujerumani mwaka 1933 chini ya utawala wa Hitler, akafa mjini Basel mwezi wa Januari 1934. Yeye na Weiss walieleza kwamba chuma hukata peroksidi vipande viwili, na kimoja cha vipande hivyo huwa na atomu moja ya oksijeni na moja ya hidrojeni. Wajuzi hukiita radikali ya hidroksili. Kipande hiki kina njaa kali ya elektroni, hata humvamia jirani yeyote akutanaye naye na kumnyang'anya. Maisha yake hayafikii sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini katika muda huo huuma molekuli ya uchafu na kuanza kuifungua. Ikiumwa tena na tena, molekuli kubwa huwa ndogo, na ndogo huwa ndogo zaidi, hata kwa ukamilifu wa kazi hubaki maji, hewa ya kaboni, na chumvi nyepesi.

Tazameni basi: mwaka 1894 njia ilikuwa imekwisha andikwa, na mwaka 1934 sababu yake imeelezwa. Walakini ilikuwa miaka ya 1960 ndipo watu walipoanza kuijaribu kwa bidii juu ya maji machafu ya viwanda, kama yale yenye fenoli. Kwa nini kukawia hivyo? Haikuwa kwa upungufu wa akili. Ilikuwa kwa sababu viwanda vingi viliuona mto kuwa ndio jalala, na asiyeona kosa hatafuti dawa. Katika miaka hiyo hiyo ya kukawia, kichocheo kingine kilikuwa kikitumika kwa bidii sana pande za Japani, wala si kwa kusafisha maji. Habari zake ni za huzuni, lakini mtu asemaye juu ya vichocheo na maji akiziruka, amesema nusu.

Katika kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini wa Japani, uko mji wa Minamata kando ya ghuba yenye samaki na kome wengi. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilianza mwaka 1932 kufanya asetaldehidi, kitu kitumiwacho kupata asidi ya siki na vifaa vya plastiki. Kichocheo cha kazi hiyo kilikuwa chumvi ya zebaki. Kwa kanuni tuliyoieleza, zebaki ilipaswa kutoka kama ilivyoingia, ikatumike tena. Lakini mshenga huyu hakurudi kwake salama. Sehemu yake iligeuka ndani ya mitambo ikawa methili ya zebaki, sumu kali ipendayo kukaa katika nyama ya viumbe, nayo ilitoka pamoja na maji machafu mpaka ghubani. Vijidudu vya bahari viliila, samaki wadogo wakawala vijidudu, samaki wakubwa wakawala wadogo, na katika kila ngazi sumu ikazidi kukusanyika. Mwisho wa ngazi alikuwako mvuvi na watoto wake.

Paka ndio walioonyesha kwanza. Walicheza kama wenye wazimu, wakaanguka baharini. Kisha mwezi wa Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano aliletwa katika hospitali ya kiwanda, hawezi kutembea wala kusema sawasawa. Mganga mkuu wa hospitali hiyo, Hosokawa Hajime, alipeleka habari kwa serikali tarehe 1 Mei 1956, na siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa ugonjwa huu kujulikana rasmi. Mwaka 1959 wajuzi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba chanzo ni zebaki. Mwaka huo huo Hosokawa mwenyewe alimlisha paka chakula kilichotiwa maji machafu ya kiwanda, na paka yule akashikwa na ugonjwa ule ule. Lakini matokeo hayo hayakutangazwa kwa watu. Mwezi wa Desemba ikafunguliwa kwa sherehe mashine ya kusafishia maji ya kiwanda, wengi wakapumua wakidhani hatari imekwisha. Baadaye ikajulikana kwamba mashine ile haikuwekwa kwa ajili ya kuondoa zebaki iliyoyeyuka.

Kiwanda kiliendelea kutumia zebaki katika kazi hiyo mpaka Mei 1968, na serikali ya Japani ikakiri chanzo cha ugonjwa mwezi wa Septemba mwaka huo, yaani miaka 12 baada ya barua ya Hosokawa. Katika muda huo, mwaka 1965, ugonjwa ule ule ukatokea pande za Niigata, kwa kiwanda cha kampuni nyingine kilichotumia kazi ya namna ile ile. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa haki wagonjwa waliokuwa wameshtaki. Waliokubaliwa rasmi kuwa wagonjwa wa Minamata pekee walipita 2,200, na wengine maelfu walipewa msaada baadaye pasipo kuhesabiwa humo. Walikuwamo watoto waliozaliwa na ugonjwa, kwa kuwa sumu hii hupita kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto tumboni.

Twasimulia haya kwa kuwa kuna watu wadhanio kwamba jina la kichocheo latosha kuwa dhamana. Husema: hakiliwi na kazi, basi hakidhuru. Minamata yajibu kwamba kitu kisicholiwa na kazi ndicho hasa cha kuulizwa kiko wapi.

Turudi sasa kwenye kusafisha. Katika nchi hiyo hiyo ya Japani, mwaka 1967, mwanafunzi jina lake Akira Fujishima alikuwa akifanya uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Tokyo chini ya mwalimu wake Kenichi Honda. Alitia ndani ya maji kipande cha fuwele ya oksidi ya titani, akakiunga kwa waya na kipande cha platini, kisha akakimulikia taa kali. Mapovu yakatokea: oksijeni penye titani, hidrojeni penye platini. Maji yalikuwa yakigawanyika kwa nguvu ya mwanga, na fuwele ile haikuliwa. Habari hizi walizitoa wote wawili mwaka 1972 katika jarida la Nature, nazo zikavuta macho ya wengi, hasa baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, kwa kuwa watu walitamani kupata hidrojeni ya kuwasha mitambo kutoka katika maji na jua.

Oksidi hii ya titani si kitu cha ajabu. Ni ule unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba na katika karatasi. Mafundi walikuwa wamekwisha ona zamani kwamba rangi nyeupe ya namna hiyo ikipigwa na jua miaka mingi hugeuka unga ukutani. Mwaka 1938 wajuzi wawili wa London, Goodeve na Kitchener, waliandika kwamba oksidi hiyo ikiwa juani huiharibu rangi nyingine iliyo juu yake. Basi hapa tena twaona jambo lile lile la Fenton: kile ambacho fundi wa rangi alikiona kuwa hasara, ndicho kilichokuwa nguvu, lakini hakuna aliyeuliza kama chaweza kuharibu kitu tunachotaka kiharibike.

Kazi yake ni hivi. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukipiga oksidi ya titani, huirusha elektroni moja kutoka mahali pake, pakabaki tundu. Tundu lile lataka kujazwa, nalo hunyang'anya elektroni katika maji yaliyo karibu. Ndipo huzaliwa ile radikali ya hidroksili tuliyoijua kwa Haber na Weiss. Elektroni iliyorushwa nayo huchukuliwa na oksijeni iliyomo majini. Hivyo njia ya Fenton na njia ya Fujishima ni mito miwili iingiayo ziwa moja: mmoja huanza kwa chuma na peroksidi, mwingine kwa unga mweupe na jua, na yote miwili huleta mfanyakazi yule yule mwenye njaa.

Mwaka 1976 Carey na wenzake, wakifanya kazi katika Kanada, walionyesha kwamba unga wa oksidi ya titani ukikorogwa majini na kumulikwa huondoa klorini katika zile kemikali za mafuta ya mitambo ya umeme ziitwazo PCB, ambazo zajulikana sana kwa kukataa kuoza. Mwaka 1977 Frank na Bard wa Chuo Kikuu cha Texas, katika Marekani, wakafanya hivyo kwa sianidi. Tangu hapo majaribio yamekuwa mengi kuliko tuwezavyo kuyataja. Katika Hispania, karibu na mji wa Almería, ambako jua ni kali, pamewekwa vioo na mabomba ya kusafishia maji kwa vichocheo na jua. Huko wametumia pia njia ya Fenton pamoja na jua, na miongoni mwa maji waliyoyasafisha ni yale yaliyooshea chupa za dawa za wadudu zilizotoka katika mashamba ya mboga.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini kila mji usitumie jua na unga mweupe, mambo yakaisha? Hapana budi tuseme ukweli. Mwanga uwezao kuiamsha oksidi ya titani ni ule wa urujuanimno, nao ni kama sehemu tano tu katika mia za nguvu ya jua itufikiayo. Maji yenye tope huuzuia. Unga ukiisha kukorogwa ni kazi kuutoa, na ukipakwa juu ya kioo ili usipotee, hukutana na uchafu polepole. Njia ya Fenton nayo hupenda maji makali kama ya ndimu, kwa hiyo asidi hutiwa kwanza, kisha huondolewa, na chuma huacha matope mekundu ya kutu. Zaidi ya hayo, radikali haichagui. Huuma uchafu mbaya na uchafu usiodhuru pamoja, hata katika maji machafu sana nguvu nyingi hupotea bure. Kwa sababu hizo njia hizi zafaa zaidi kwa maji ya kiwanda yenye sumu maalumu, au kwa kumalizia kazi baada ya njia nyingine, kuliko kwa mto mzima.

Tena iko hatari ya kazi isiyokwisha. Iko dawa iitwayo trikloroetileni, iliyotumiwa sana kusafishia vyuma mafuta, nayo ilizama katika maji ya visima vya miji mingi ya Marekani na Ulaya. Molekuli yake ina atomu tatu za klorini. Chini ya ardhi hutokea atomu hizo kung'olewa moja moja. Zikiisha kung'olewa mbili, kibakiacho ni kloridi ya vinili, nayo yajulikana kuwa yaleta kansa, mbaya kuliko ile ya kwanza. Aliyepima trikloroetileni pekee angesema, “Imepungua, tushukuru,” kumbe kisima kimezidi kuwa kibaya. Katika miaka ya 1990 wajuzi walijaribu kichocheo cha paladi pamoja na hidrojeni, wakaona kwamba chaweza kung'oa klorini yote kwa mfululizo mmoja. Lakini funzo lapita dawa hiyo moja: usafi hauhesabiwi kwa kilichoondoka tu, bali kwa kilichobaki.

Wako waliolishika funzo hili tangu mwanzo wa kazi yao. Terrence Collins, mzaliwa wa New Zealand afundishaye katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, alitumia miaka mingi tangu karibu mwaka 1980 kutengeneza molekuli ndogo yenye chuma katikati, akiiga vichocheo vya asili vilivyomo katika viumbe. Molekuli hiyo huisaidia peroksidi kuvunja rangi, dawa za wadudu, na mabaki ya dawa za hospitali, kwa kiasi kidogo sana, wala maji hayahitaji kutiwa ukali kwanza. Mwaka 1999 alipewa tuzo ya serikali ya Marekani kwa kazi hiyo. Lakini kitu tunachokisifu zaidi ni kwamba amesisitiza kichocheo chenyewe kipimwe kabla ya kutiwa mtoni, kama chaweza kuwadhuru samaki au kuvuruga homoni za viumbe. Huo ndio moyo ambao Minamata iliukosa.

Mwisho tukumbuke neno la Ostwald, kwamba kichocheo hakifanyi lisilowezekana. Chaweza kufungua molekuli, kwa kuwa molekuli ni fundo la atomu. Hakiwezi kufungua atomu. Zebaki ni atomu yenyewe. Ikiisha kuingia majini, hakuna chuma, wala titani, wala jua liwezalo kuivunja. Yaweza kuhamishwa tu. Hili latuhusu sisi tuishio karibu na Ziwa Victoria na katika nchi za dhahabu, kwa maana wachimbaji wadogo hutumia zebaki kushika dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake na masalio yake huingia hewani na mitoni. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyopewa jina la Minamata, yalifanywa mwaka 2013 na kuanza kazi tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoyaridhia. Kwa sumu ya namna hii mlango mmoja tu ndio wenye komeo, nao ni ule wa kuingilia.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwanadamu amekwisha yavulia nguo maji haya ya kemia; mashamba yake, nguo zake na dawa zake zatoka humo, wala hawezi kusimama ukingoni akijidai hakuingia. Basi yampasa aoge hata amalize. Sisi walimu, tunapowafundisha watoto kuchemsha na kuchuja, na tuwafundishe pia kuuliza maswali matatu juu ya kila maji yanayosemwa kuwa yamesafishwa: sumu imekwenda wapi, imebaki kuwa nini, na yule mshenga aliyeitwa kusaidia yuko wapi sasa? Mwaka 1959 watu wa Minamata walionyeshwa mashine nzuri, na maswali haya hayakupata jibu la kweli. Mtoto ajuaye kuyauliza, na mzee akubaliye kuyajibu pasipo kuficha, hao wawili ni mwanzo wa maji safi.